Breka ikikatika, tatizo ni waya

Swali: Kampeni ya Pika na Power, ya Kenya Power kuhimiza kupikia umeme, ilinivutia, nikanunua jiko la indakshoni la wati 2,000. Asubuhi nikiwasha jiko, birika la stima na pasi kwa pamoja, breka ya ampia 16 hukatika baada ya dakika chache. Fundi anataka kuweka ya 32. Nimruhusu? Mpangaji, Kondele, Kisumu.

Jibu: Usimruhusu. Breka yako ni nzima. Wengi hudhani breka kubwa huleta stima zaidi, na mafundi wa njia ya mkato hula pesa kwa dhana hiyo. Breka hulinda waya ulio ukutani, basi.

Piga hesabu. Jiko 2,000, birika 2,200, pasi 1,600: wati 5,800. Gawanya kwa volti 240, ni ampia 24. Nyuma ya breka ya 16 huenda kuna waya wa milimita mraba 1.5, ambao ndani ya bomba hubeba ampia 17 hivi. Mkondo ukipanda kutoka 17 hadi 24, joto linalozalishwa kwenye waya huwa maradufu. Plastiki ya kawaida ya waya huvumilia nyuzi 70. Kwa breka ya 32, hizo ampia 24 zitapita mchana kutwa bila kukatwa. Plastiki italainika, igeuke kahawia, ipasuke penye kona ya bomba, nawe hutajua mpaka unuse harufu.

Mwombe mwenye nyumba laini ya jiko pekee kutoka kwenye boksi: waya wa milimita mraba 2.5 pamoja na athi (waya wa ardhini), breka ya 20, soketi moja. Kwa sasa shusha jiko hadi wati 1,000, maji ya chai uyachemshie hapo hapo, birika lipumzike. Ekstensheni usiiguse.

Fundi anayekuza breka ndiye huyo huyo anayefunga uzi wa shaba mahali pa fyuzi ya plagi. Mwambie akuonyeshe leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi, kabla hajashika bisibisi. Serikali ilizindua mkakati wa kupikia kwa umeme mwaka 2024, na majiko haya yanaingia kwenye ploti za Nyalenda, Kisumu, na Kaptembwo, Nakuru, zilizovutwa waya wa kutosha balbu, televisheni na chaja. Wewe uliye na jiko tayari, lizime baada ya dakika 20 za moto mkali, uchomoe plagi na uitazame. Ikiwa na vuguvugu ni sawa. Ikiwa haishikiki, au soketi imebadilika rangi kando ya matundu, usipike tena hapo mpaka ibadilishwe.