Maswali Yenu: Hiki kiti kimoja cha Ndonga kilitoka wapi?

SWALI: Kaka habari za kazi, mi napenda kufuatilia siasa za nchi za kusini, sasa nimeona uchaguzi wa wabunge Zimbabwe wa 2000 ZANU-PF ya Mugabe walipata viti 62, wapinzani MDC 57, halafu kuna ka kiti kamoja ka ZANU-Ndonga. Hao ni kina nani tena? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Salama ndugu yangu. Hicho ni Chipinge Kusini. Wilaya ya Chipinge iko mashariki mpakani na Msumbiji, milimani wanalima chai ila ukishuka bonde la mto Save ni joto na ukame tu, na wenyeji wengi ni Wandau, ndugu zao wengine wako ng'ambo ya mpaka.

Ndonga ni chama cha Mchungaji Ndabaningi Sithole, na huyu mzee ndo alikuwa rais wa kwanza wa ZANU ilipoanzishwa Agosti 1963, Mugabe akiwa katibu mkuu wake! Na sisi tumo kwenye hiyo stori, maana mwezi mmoja kabla yeye na wenzake walikutana Dar wakapiga kura kumng'oa Joshua Nkomo kwenye uongozi wa ZAPU, chama walichokuwemo kabla ya ZANU. Baadaye walivyokuwa gerezani wenzake wakamgeuka na yeye, chama kikapasuka, upande wa Mugabe ukawa ZANU-PF na wake ukawa Ndonga, 1979 akaingia uchaguzi wa kina Ian Smith, waziri mkuu mzungu wa Rhodesia (Zimbabwe ya zamani), na Askofu Muzorewa aliyeshirikiana naye, akapata viti 12, mwaka uliofuata akaambulia sifuri.

Kwa nini Chipinge tu? Wengi wanasema ni ukabila wa Wandau basi wanafunga mjadala. Mi naona angalia na mfumo wa uchaguzi. 1980 watu walipigia chama kwa mkoa mzima, kwa hiyo kura za Chipinge zikamezwa, ila 1985 kura zilivyorudi kupigwa jimbo kwa jimbo Chipinge ikampa kiti kimoja fasta, japo mwenyewe alikuwa nje ya nchi. 1990 kimoja tena. Akarudi 1992, uchaguzi wa 1995 chama kikapata viwili, vyote Chipinge, kimoja chake mwenyewe. 1997 mahakama ikamtia hatiani kwa kula njama za kumuua Mugabe, akakata rufaa, akafia Marekani Desemba 2000.

Hicho kiti unachouliza alikishinda Wilson Kumbula, mzee akiwa bado hai. 2005 ZANU-PF wakakichukua, na 2008 viti vilivyoongezwa toka 120 hadi 210 na majimbo kukatwa upya, Ndonga hawakupata hata kimoja.