Buyi ya mutoto ikikua nzito, niongeze maji?

SWALI: Bonjour dada nitrisionisti. Mutoto wangu iko na myezi 7, minamupikia buyi ya unga ya soja, mutama na mahindi, lakini ikipoa kidogo tu inakua nzito na anaanza kuitema, njo minaongeza maji. Ku CPS (kwenye banapimaka batoto kilo) banasema kilo zake hazipande. Niongeze karoti? Na ninaweza kuchunga buyi mu termosi paka jioni? (Mama wa Katindo, Goma)

JIBU: Mama, tuanze na ile maji, karoti itangoja kidogo. Mutoto wa kilo 8 tumbo yake inabeba karibu mililita 240 kwa mara moja, haipite hapo, sasa ukijaza hiyo nafasi na buyi ya maji-maji anashiba vizuri, analala, lakini chakula yenyewe yenye ameingiza ni kidogo sana, kilo zitapanda wapi? Buyi ya kumukomalisha ukiinamisha kijiko inakawia mbele ya kuanguka. Pa myezi yake umupe mara 2 ao 3 ku siku, na ziwa ya mama usiache.

Lakini nzito sana anatema, unasema kweli. Dawa yake iko mu mbegu, na benye kutengeneza pombe ya mutama banaijua tangu zamani: nafaka yenye imeota inayeyusha ile uzito. Chukua ulezi (uburo), uchague, uloweke usiku moja, uimwange maji, uifunike na kitambaa chenye kiko na maji kidogo siku 2 ao 3 paka iote kamuzizi, uianike ku jua ikauke kabisa, usugue mizizi itoke, kisha usage. Minakwambia ulezi juu mutama ikiota, ile miche yake inakuaka na sumu, kwa hiyo kama huna ulezi na unatumia mutama, toa mizizi na miche YOTE, hapo hakuna mchezo. Sasa upike buyi yako nzito kabisa, uitoe ku moto, ungoje ipunguze moto kidogo juu ikiwa inachemka ile nguvu ya mbegu inakufa, utie kijiko kadogo kamoja ka ile unga, ukoroge. Kisha dakika kidogo utaona inalegea yenyewe bila maji. Urudishe ku moto ichemke tena dakika 5, juu unga ya mbegu yenye imeota inabeba mikrobe.

Soja ile ulikaanga mbele ya kusaga? Soja mbichi inazuia tumbo kusaga protini na mutoto anaharisha, ikaange paka rangi igeuke na harufu itoke, utoe maganda. Mahindi yenye iko na ukungu ao harufu mbaya tupa, usiseme moto itaua, ile sumu ya ukungu haikufe ku moto.

Bon, karoti. Ni muzuri, lakini peke yake haipandishe kilo, ni ya vitamini tu. Pika karoti, boga ao kiazi kitamu cha rangi ya machungwa na maji kidogo sufuria ikiwa imefunikwa, uponde na kanya, upitishe mu paswari, hakuna lazima ya mikisa. Ongeza kijiko kadogo ka mawese, hapo njo nguvu iko. Lengalenga pia, majani tu, ipikwe na isagwe vizuri. Yenye bamama wengi wanasahau ni feri (madini ya chuma, ya damu): kisha myezi 6 akiba yenye alizaliwa nayo inaisha na maziwa ya mama haitoshe, kwa hiyo sambaza, tule tusamaki twa ziwa yetu ya Kivu, zikaushwe na zisagwe unga laini, kijiko kamoja mu buyi, ama maharagi yenye umetoa maganda. Avoka unaponda tu. Chumvi na sukari hapana, na asali usiguse paka afike mwaka 1.

Akiwa anaharisha, ao miguu inavimba, ao kilo zinashuka, usingoje siku ya CPS, mupeleke mara moja.

Termosi: hapana, mama. Ile uvuguvugu njo mikrobe inapenda, na buyi haitoe hata harufu. Maji ya ziwa uichemshe, hata kama batu ba klori (dawa ya kusafisha maji) bamekutilia mu bidoni, pika kidogo ya mara moja, ilike mu saa 2. Unga kavu njo yenye unachunga, mu ndoo yenye kufungwa. Yenye imebaki mu sahani wape bakubwa zake.