Kupunguza safari za bure za kisu kwenye sehemu zenye mteremko

Ndugu yangu wa Mafinga, umeuliza kwa nini kabari yako ya mashine ya kupasulia mbao, yenye mteremko wa digrii 15, inachukua muda mrefu kwenye CNC (mashine ya kukatia inayoongozwa na kompyuta) ilhali chuma umeshakikata kwa msumeno kufuata mteremko huohuo. Sababu kubwa ni kwamba programu inayopanga njia za kisu bado inaamini kuwa malighafi ni bloku kamili la mstatili. Ikiwa juu ya mteremko umebakiza chuma cha kuondoa cha milimita 2 tu, ukipima wima, basi katika kila tabaka la mlalo kisu kinakuta chuma kwenye ukanda wa takriban milimita 7.5, na safari iliyobaki yote kinakata hewa kwa mwendo uleule wa polepole wa kukatia. Chora malighafi jinsi ilivyo baada ya msumeno, kisha uipe programu umbo hilo pamoja na mpaka wa eneo la kukata.

Pili, punguza kimo cha kuinuka kati ya mkato na mkato, kwani hapa kwetu Mbeya nimeona watu wakiacha milimita 50 kwa kuhofia kugonga jiliwa (kibanio kinachoshika kipande), wakati kisu kinachobaki ndani ya eneo la mteremko kinatosheka na milimita 2 au 3. Kimo kirefu kibaki kwa kuingia na kutoka.

Hata hivyo, kama mteremko ni mmoja tu na ni bapa, mimi ningekiinamisha kipande chenyewe kwa digrii 15 kwenye jiliwa na kuusawazisha uso kwa kisu kipana.