Kabla hujakata herufi za jalada la punk, jua unazikata wapi

Mara ya kwanza kuombwa jalada la punk, ule muziki wa roki wa fujo na upinzani, nilipakua fonti. Zipo tele mtandaoni, zile herufi zinazofanana na vipande vya gazeti, kila moja na ukubwa wake. Nikaweka pini, nikachafua kingo, nikawatumia vijana wa bendi. Walikuwa na nyimbo sita kuhusu maisha ya kupanga Dar es Salaam: kodi ya miezi sita kwa mkupuo, vyombo kutolewa nje usiku. Mwimbaji wao akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Kaka, kazi ni nzuri, ila nyimbo zetu sizioni humo."

Nilikasirika siku mbili, kisha nikaanza kusoma.

Herufi zile zilizaliwa na uhaba. Jamie Reid, aliyebuni majalada ya Sex Pistols, bendi ya punk ya Uingereza, miaka kadhaa kabla ya punk alikuwa akichapa kijarida cha siasa kiitwacho Suburban Press huko Croydon, kusini mwa London. Yeye na wenzake hawakuwa na fedha za herufi za kubandika, wakachukua mkasi na magazeti ya zamani. Walichapa pia stika za madukani zenye sura ya tangazo la ofa, "wiki hii tu", ila ofa yenyewe ilikuwa kwamba duka linawakaribisha wezi. Mbinu hiyo Reid aliijua kutoka kwa Wasituationisti, kundi la wasanii na wanaharakati la Mfaransa Guy Debord lililoundwa 1957: chukua picha au tangazo la mwenye nguvu, ligeuze, limseme yeye mwenyewe. Na kabla yao, Mjerumani John Heartfield alikuwa amekwisha kuzigeuza picha na maneno ya Wanazi katika kurasa za gazeti la AIZ.

Ukishajua hayo, jalada la wimbo wa Sex Pistols "God Save the Queen" la 1977 unalitazama kwa jicho jingine. Uingereza inasherehekea miaka 25 ya Malkia Elizabeth II kwenye kiti cha enzi, picha yake iko kila mahali. Reid anachukua picha rasmi, iliyopigwa na Peter Grugeon, na kuyaziba macho na mdomo kwa jina la wimbo na la bendi. Hakuchora kitu kipya. Nguvu yote imo katika alichokishika. Mwaka huohuo Linder Sterling wa Manchester aliwatengenezea bendi ya Buzzcocks jalada lenye mwanamke wa kwenye magazeti mwenye pasi ya umeme badala ya kichwa. Mimi naliona jalada hilo kuwa kali kuliko yote ya Reid, maana halihitaji hata neno moja kukueleza wanawake walikuwa wanauziwa nini, na wao wenyewe wanauzwaje.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kabla ya kufungua kompyuta, tafuta karatasi za yule unayebishana naye. Mimi nilirudi mtaani. Nguzo za umeme zimejaa matangazo ya madalali, "chumba na sebule, choo ndani, LUKU yako, kodi miezi 6". Nikanunua steshenari fomu ya mkataba wa pango, ile yenye nukta nukta za kujaza jina. Nikakata kwa mkasi hasa. Jina la bendi likatoka kwenye herufi za matangazo, na fomu ya mkataba ikawa uso wa jalada, mahali pa sahihi pakiwa pamechomwa kwa kiberiti. Kisha nikatoa fotokopi, nikaitolea kopi ile kopi, mara nne, hadi kijivu chote kikaisha ikabaki nyeusi na nyeupe. Hakuna programu iliyowahi kunipa weusi ule.

Uwe mwangalifu na mali ya watu. Jalada la wimbo mwingine wa Sex Pistols, "Holidays in the Sun", lilitumia michoro ya kipeperushi cha utalii cha Wabelgiji. Wenye kipeperushi hicho walidai haki yao kisheria na jalada likaondolewa sokoni. Ukikata picha ya mpiga picha wa mtaani ambaye naye anahangaikia mkate, hapo hujapinga chochote, umemwibia mwenzio.

Geuza pia upande wa nyuma, ambao wengi tunaupuuza. Crass, bendi ya wanaharakati wa anakia, yaani wanaokataa kutawaliwa na serikali, walioishi pamoja Essex, waliandika kwenye majalada yao bei ambayo mnunuzi asiizidishe, ili muuza duka asijipandishie. Karatasi ya jalada ilikunjuliwa ikawa bango la ukutani, kazi ya msanii wao Gee Vaucher. Nao bendi ya Scritti Politti mwaka 1978 walichapa kwenye jalada la santuri yao ya kwanza gharama za kuitengeneza, ili msikilizaji aone kuwa na yeye anaweza. Kwangu hiyo ndiyo siasa ya punk niipendayo kuliko matusi yote. Vijana wangu walikubali: nyuma tuliorodhesha saa za studio, kopi, gundi, nauli ya bodaboda, na malipo yangu pia.

Jambo moja nililokaribia kulikosea: namba za simu za madalali. Zilikuwa zimebaki kwenye vipande, zinasomeka vizuri kabisa. Dalali naye ni mpangaji. Nilizifunika zote kwa vipande vya karatasi nyeusi kabla ya kopi ya kwanza, na fanya hivyo mapema, kwa sababu gundi ikishakauka utachana kazi yote.