Jibu: Maabara ya nyumbani Chake Chake, Pemba, nianze na tindikali gani?

Ndugu yangu, kwanza usinunue tindikali yoyote. Kwa kile chumba cha stoo unachotaka kukifanya maabara, tafuta miwani ya kukinga macho, ndoo ya mchanga, maji ya karibu, na dirisha linalofunguka kweli.

Siki, magadi na choya (rosela, yale maua mekundu ya juisi) vitakushughulisha miezi. Choya kwenye siki ni nyekundu. Tia magadi uone inavyogeuka kijani. Siki na jiki usivichanganye hata kwa mzaha: hutoka klorini, gesi inayounguza mapafu. Mizani ifungie kwenye kopo, hewa yetu ya chumvi ishanilia mmoja. Vyombo vya huko visirudi jikoni.

Ukishazoea, keneka mafuta ya makonyo (vijiti vya maua) ya karafuu, yaani yatoe kwa mvuke kisha uupoze, ila mpira wa kutolea mvuke usizibe, chombo kitapasuka.