Injini ya rota ikimisi kwenye ndege ya kujiundia: kabla hujaifungua

Kama injini ya Mazda 13B iliyo kwenye ndege uliyoiunda imeanza kumisi, yaani kukosa kuwaka baadhi ya mizunguko, usikimbilie kununua vipuri, na tafadhali usiifungue. Ndege za namna hii nilizoitwa kuzitazama hapa Ohio karibu zote zilikuwa na injini nzima kabisa. Kilichokuwa kinaumwa ni umeme unaoilisha, hasa waya, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) na viungio.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Kazi niliianzia Tanga na huku nimeendelea nayo. Sheria ya Marekani inamruhusu mtu kama mimi kushika spana kwenye ndege iliyosajiliwa kuwa ya majaribio na ya kuundwa na mtu binafsi. Ukaguzi wa kila mwaka ndio lazima utiwe saini na mwenye cheti: aliyeiunda, akiwa na cheti chake cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, au fundi wa ndege mwenye leseni. Kwa hiyo wenye ndege hizi hawaoni shida kumwita fundi wa magari, maana injini yenyewe imetoka kwenye gari, Mazda RX-7.

Kwanza uelewe inavyofanya kazi, la sivyo vipimo vyote vitakuchanganya. 13B haina pistoni wala valvu. Ina rota mbili za pembe tatu, kila moja na sentimita za ujazo 654. Shafti huzunguka mara tatu wakati rota imezunguka mara moja, na kila mzunguko wa shafti kila rota inawasha mara moja. Injini ya pistoni ya mipigo minne huwasha kila silinda baada ya mizunguko miwili, kwa hiyo koili ya rota inafanya kazi mara mbili ya mwenzake. Shafti ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, koili ina milisekunde 10 tu za kujaza chaji, kurusha cheche na kuanza upya. Volti zikipungua kidogo kwa sababu ya ethi mbovu, kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka polepole bila resi, husikii kitu. Ukisukuma resi mpaka mwisho, chaji haitoshi, na wakati huohuo mgandamizo ndani ya chumba umekuwa mkubwa, ambao nao unadai volti nyingi zaidi ili cheche iruke. Ukitoa plagi nje ukaiona inarusha cheche nzuri ya bluu, hujathibitisha chochote, kwa sababu hewa ya nje haina mgandamizo ule.

Kila rota ina plagi mbili. Ya chini kwenye gari tunaiita L, nayo ndiyo hufanya kazi kubwa. Ya juu ni T, inasaidia kumalizia mchomo. Waundaji wengi wa ndege huweka swichi mbili, moja ya L na nyingine ya T, wapate kuzijaribu kabla ya kuruka. Swichi hizo ni kipimo kizuri kuliko mashine yoyote utakayonunua. Kwenye injini nzima, ukizima T mizunguko inashuka kidogo sana. Ukizima L inashuka zaidi, lakini injini inaendelea kwenda bila kutetemeka. Ukizima moja na injini ikaanza kutikisa kava lake lote, rota moja imekufa, na ubovu uko kwenye ule upande uliouacha ukiwaka.

Kuna ndege moja ya viti viwili ambayo mwenyewe aliinunua ikiwa imeshaundwa. Ilikuwa inaruka vizuri, kisha baada ya kupanda kwa dakika kumi hivi inaanza kukatakata. Akishuka na kuijaribu ikiwa imepoa, haina tatizo. Alishabadilisha plagi, nozeli zimesafishwa, na alikuwa karibu kuagiza kompyuta nyingine ya injini. Nilimwomba kitu kimoja tu: rekodi ya joto la moshi wa kila rota. Pale inapoanza kumisi, joto la rota ya pili lilikuwa linapanda. Hapo nusu ya kazi ikaisha. Rota ikikosa mafuta au ikikosa cheche zote mbili, haichomi, na moshi wake unapoa. Joto likipanda, mchanganyiko unawaka ila umechelewa, unamalizia kuungua ukiwa tayari unatoka. Kuchelewa huko ni dalili ya plagi moja kulala.

Tulifunga mkia kwa kamba, tukaweka vigingi kwenye magurudumu, kizima moto kikawa karibu, na tukaiendesha chini kava likiwa limefungwa ili ipate joto lilelile la angani. Ilipoanza kukatakata akazima T. Ndege nzima ikatikisika. Akawasha T, akazima L, ikatulia, dhaifu lakini laini. Basi ni L ya rota ya pili. Tulizima, tukabadilishana koili za L kati ya rota ya kwanza na ya pili, tukarudia. Ubovu ulibaki kwenye rota ileile, kwa hiyo koili haina hatia.

Tulichokuta ni waya wa ethi wa koili hiyo. Ulikuwa umefungwa kwa bolti juu ya breketi iliyopakwa rangi, rangi haikukwanguliwa, na umeme ulikuwa unapita kwenye nyuzi za bolti pekee. Mbaya zaidi, pale waya unapoingia kwenye kichwa cha tereminali, nyuzi nyingi za shaba zilikuwa zimekatika ndani ya ganda la plastiki kwa mtetemo. Kwa nje waya ulionekana mpya. Ukiupinda kwa vidole ndipo unahisi umekuwa mlaini mahali pamoja, kama mfupa uliovunjika chini ya ngozi. Ukipata joto unaachia, ukipoa unashika.

Kwa hiyo pima ethi kila mara, na uipime kazini. Weka mita kati ya ethi ya koili na hasi ya betri, injini ikiwa inawaka na koili zikiwa zinavuta umeme. Waya za mita ziwe ndefu na zimefungwa imara mbali na propela, na anayesoma awe ndani ya chumba cha rubani. Ukiona zaidi ya sehemu mbili za kumi za volti, kuna upinzani njiani. Kupima ohmu injini ikiwa imezimwa hakutakusaidia, kwa sababu uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuidanganya mita.

Sasa plagi. Mafuta ya ndege ya 100LL yana madini ya risasi, hadi gramu 0.56 kwa lita, na risasi hiyo huganda kwenye plagi za rota kama vijipunje vya kijivu mpaka cheche inapotea. Ukitumia 100LL, uwe na seti ya pili ya plagi na uzibadilishe mapema. Sensa ya oksijeni nayo hufa haraka kwa risasi, ikianza kudanganya usiifuate. Petroli ya magari haina risasi, ndiyo maana wengi wa rota wanaipenda, ila inageuka mvuke upesi zaidi kwenye joto. Ndege iliyozimwa juani, ikakaa kidogo, kisha ikiwashwa inakatakata na sindano ya presha ya mafuta inarukaruka, hiyo ni mvuke kwenye bomba. Ongeza mtiririko wa mafuta yanayorudi tangini, sogeza mabomba mbali na ekzosi, na pampu uiweke karibu na tangi. Ekzosi ya rota ni moto sana kuliko ya pistoni, na chochote kilicho karibu nayo, iwe bomba, koili au waya, kitaumia bila kinga.

Kuna kumisi kwingine kunakokuja kama kofi moja la ghafla, geji zote zikishtuka pamoja, kisha kimya. Huko kunatoka kwenye waya za sensa ya shafti. Sensa hii inatoa ishara ndogo mno, na ukiilaza waya wake kando ya waya za plagi, kompyuta inasoma kelele za cheche kana kwamba ni jino la gurudumu ambalo sensa hulihesabu, halafu inawasha mahali pasipofaa. Tumia waya wenye wavu wa kinga, wavu huo ushikwe ethi upande mmoja tu, na plagi ziwe za aina yenye rezista ndani. Ukisikia redio inakwaruza kwa kasi ya injini, usiizoee. Ni onyo lilelile.

Kukitokea kumisi mahali pamoja tu pa resi, nozeli za pili, zile za ziada, zinapoingia kazini, ubovu uko kwenye ramani ya mafuta ya kompyuta, yaani jedwali linaloiambia imwage mafuta kiasi gani. Hilo linarekebishwa kwa kompyuta ndogo ukiwa umekaa, na halihitaji spana yoyote.

Sili za rota ziwe za mwisho kuzishuku, na hata hapo kuna njia rahisi. Zima umeme wote, toa plagi za T, kisha zungusha propela kwa mkono taratibu, ukisikiliza. Kila rota, ikizunguka mara moja, itoe pumzi tatu zinazolingana. Pumzi mbili zilizofuatana zikiwa dhaifu, sili ya pembe imevunjika, kwa sababu sili moja inatenganisha vyumba viwili. Ikiwa moja tu ndiyo dhaifu, tazama sili za ubavuni. Na hata umeme ukiwa umezimwa, simama kana kwamba propela hiyo itawaka.

Wale wenye RX-8, gari jingine la Mazda la injini ya rota, Nairobi na Kampala, vipimo hivi vya koili, ethi na pumzi tatu vinawafaa pia, ila ninyi mnaweza kuegesha pembeni. Rubani hawezi. Usiruke kwa sababu tu injini imeacha kumisi yenyewe; ruka baada ya kuuona ubovu kwa macho, kuurekebisha, na kujaribu chini ikiwa na joto kwa muda mrefu kuliko ule uliokuwa unaitosha kukatakata. Safari ya kwanza nenda peke yako bila abiria, panda ukizunguka juu ya uwanja hadi ufike kimo ambacho unaweza kuteleza mpaka njia ya kutua injini ikiwa imezimika, kaa huko huku rekodi ikiandika, kisha shuka, fungua kava na upime tena zile ethi.