Kepu za kemshafti hazifunguliwi kwa haraka

Juzi nimemkuta dogo mmoja gereji kwetu, hapa Mwanjelwa, Mbeya, kainamia injini ya Toyota Carina Ti. Kepu ya kwanza, yaani kifuniko kinachoibana kemshafti kwenye hedi (kichwa cha injini), kashaing'oa, kaitupa kwenye ndoo ya bolti, anaifuata ya pili. "Nafungua kemu, braza." Kemu ndiyo hiyo kemshafti, shafti inayosukuma valvu zifunguke. Nilimpokonya racheti hata salamu sijaitikia. Naandika kwa sababu kupiga kelele na baridi hii ya Juni vinanikausha koo.

1. Kepu zina namba, zina mshale wa kutazama mbele. Toboa boksi, zichomeke kwa mpangilio. Basi.

2. Legeza kwa zamu. Robo mzunguko kila bolti, toka pembeni kuja katikati, rudia mpaka springi za valvu ziache kusukuma. Hapa ndipo nilipoungulia mimi.

Nilikuwa na miezi minne kwenye spana. Gari ni Carina vilevile, injini ya 5A, ya mwalimu aliyekuwa anawahi msiba Tukuyu. Fundi wangu kaenda kula, nami nikataka akirudi akute kemu iko mezani. Nikaanzia mbele: kepu moja, mbili, tatu, kila moja naimaliza kabisa. Kemu ikaanza kunyanyuka upande mmoja. Nikafurahi jamani, nikaona inanirahisishia kazi! Kumbe springi zinaisukuma toka chini, na waliobaki kuishikilia ni kepu mbili za nyuma. Kugusa ya nne tu: tak! Kepu ikakatika vipande viwili, pale ilipokatikia panang'aa kijivu, punjepunje kama sukari.

Ujinga wa pili ukafuata. Badala ya kukaa nisubiri kutukanwa, nikakimbilia kwa wauza vyuma chakavu, nikapata kepu ya hedi nyingine, namba ileile, mshale uleule. Nikaifunga. Kemu ikakaza kama imechomelewa. Tundu la kemu huchongwa kepu zikiwa zimefungwa kwenye hedi yake, kwa hiyo kepu ya jirani haikai hata zifanane vipi. Fundi akarudi anachokonoa meno, akatia spana kwenye kemu, akavuta mara moja, akanitazama. Hakunipiga. Bora angenipiga. Mwalimu alienda msibani kwa Coaster, hedi ya mtumba ikanunuliwa, na mimi nikakatwa posho miezi mitano.

3. Gia ya mkasi, ile gia ya kemu yenye sahani mbili zinazosukumwa na springi, ifunge kwa bolti ya milimita 6 kabla hujagusa kepu yoyote. Ukisahau, utashinda na bisibisi unapigana na springi. Hilo nalo lilinikuta, ila siku nyingine.

4. Kukaza ni kinyume: katikati kwenda pembeni, kwa awamu, na 5A mwisho wake ni Nm 13 (kipimo cha nguvu ya kukazia). Kumi na tatu! Bolti ya soketi namba 10 si nati ya tairi la Fuso. Kuna wanaojigamba "mkono wangu ndio toki renchi," yaani spana inayopima nguvu ya kukazia. Mkono huohuo saa moja asubuhi, Mbeya hii, haufungi hata kifungo cha shati.

5. Puliza matundu ya bolti, oili ikibaki chini, ukikaza bolti inaweza kupasua hedi. Kwenye kemu yenyewe, paka oili safi bila ubahili.

Yule dogo nimempa boksi la sabuni atoboe. Katoboa matundu kumi na moja. Kepu ni kumi.